MANENO YA KIJIWENI NA SAA ZA KWANZA BAADA YA KUKAMATWA

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*



Haya hapa chini ni mazungumzo aliyotupa mjumbe wetu wa Kamati ya Ustawi kwenye mkutano wa tawi wa Jumapili. Waliokuwepo waliomba yaandikwe, na waliokosa wameulizia sana. Tumeyanakili kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa, tumepunguza marudio tu. Ni marefu, lakini yasome mpaka mwisho. Kama jirani yako ni mwanachama na hana simu janja, msomee.

---

Ndugu Mwenyekiti, ndugu Katibu, wazee wangu, kaka na dada zangu, na nyie wanangu mliobanana huko mlangoni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Katibu aliniandikia kwenye karatasi mada mbili: imani potofu za afya, halafu namna ya kumpata wakili mtu akikamatwa. Nikamwambia, Katibu, kwangu mimi hiyo ni mada moja. Miaka 26 nilikuwa muuguzi, na tangu nistaafu ni msaidizi wa kisheria hapa kwenye kata yetu. Zahanati na kituo cha polisi ni sehemu mbili tofauti kabisa, lakini wanaoumia wanaumia kwa namna ile ile. Saa za kwanza, ambazo ndizo zenye faida, zinaishia kwa watu wanaoanza sentensi na "mimi nilisikia".

Mnawakumbuka vijana wetu watatu wa mwezi uliopita. Sitawataja, wenyewe tumekaa nao humu ndani. Wala sitasema kama walistahili kukamatwa ama hawakustahili, hilo lina mahali pake. Nasema kilichotokea nje ya kituo usiku ule. Mmoja wao anatumia insulini. Mama yake alifika saa mbili usiku na dawa ya mwanawe ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi. Kabla hajafika kaunta, mtu aliyekaa kwenye benchi la muuza kahawa akamwambia, mama usijisumbue, dawa haziruhusiwi mahabusu. Mama wa watu akageuza akarudi nyumbani na insulini yake. Mtu yule yule, kwenye benchi lile lile, akamwambia baba wa kijana wa pili kwamba yeye ni mwanasheria na dhamana ni shilingi 300,000. Ikachangwa, ikatolewa. Risiti hakuna, na namba ya simu aliyoacha haipatikani hadi leo.

Yule hakuwa askari, wala mwanasheria, wala daktari. Alikuwa mtu tu kwenye benchi.

Kwa hiyo nianze na hilo la dawa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inazungumza wazi juu ya mtu aliye chini ya ulinzi. Akiomba matibabu, askari anatakiwa achukue hatua mara moja ayapate. Na hata kama hajaomba, ikiwa anaonekana anahitaji matibabu, wajibu ni ule ule. Siyo hisani ya mkuu wa kituo, ni sheria. Sasa haki hiyo ina namna ya kuidai. Unakwenda kaunta, siyo kwenye benchi. Unasalimia. Unasema, afande, ndugu yangu fulani yuko hapa, ana ugonjwa fulani, dawa yake ni hii na saa yake ni hii. Dawa iwe kwenye pakiti yake au chupa yake yenye maandishi, pamoja na kadi ya kliniki au cheti. Uombe iandikwe kwenye kitabu kwamba imepokelewa. Uandike na wewe kwenye karatasi yako saa uliyofika na aliyekuwa zamu.

Na akina mama, tafadhali sana, vidonge ndani ya maandazi acheni. Najua mnafanya kwa uchungu wa mtoto. Askari akivikuta, kila chakula cha mahabusu wote siku hiyo kitavunjwavunjwa, na dawa halali itageuka kuwa kitu cha kushukiwa.

Nibaki kidogo kwenye sukari, maana hapa maneno ya kijiweni yanaua kabisa. Kila mtu anajua mwenye kisukari asipewe soda. Ni kweli kwa siku za kawaida. Lakini mtu aliyechoma insulini au kumeza dawa za kisukari halafu akakaa bila kula, kama inavyotokea mtu akikamatwa kabla ya chakula cha mchana, sukari yake haipandi, inashuka. Atatoka jasho, atatetemeka, ataongea maneno yasiyoeleweka, ataonekana kama mlevi. Wenzake selo watasema huyu kalewa, mwacheni alale. Akilala hivyo anaweza asiamke. Huyo, kama bado ana fahamu na anaweza kumeza, ndiye anayehitaji soda yenye sukari, au maji ya sukari, au juisi, sasa hivi, halafu chakula, halafu daktari. Akishapoteza fahamu usimmiminie chochote mdomoni, itaingia kwenye mapafu. Piga kelele apelekwe hospitali. Wewe uliyeko selo naye, kelele yako ndiyo gari la wagonjwa lake.

Kifafa. Hapa sitakaa sana. Hakuna kijiko. Hakuna kitambaa mdomoni, hakuna kumnusisha kiatu wala njiti ya kiberiti. Povu la mwenye kifafa haliambukizi, na wala hakijawahi kumwambukiza mtu yeyote. Ondoa vitu vigumu karibu yake, weka kitu laini chini ya kichwa, degedege likipungua mgeuze alale ubavu. Likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, ni hospitali. Na mara nyingi limemshika kwa sababu amekosa vidonge vyake siku mbili, kwa hiyo tunarudi pale pale kaunta.

Presha nayo. "Nilikuwa najisikia vizuri ndiyo maana nikaacha dawa." Ndugu zangu, presha haina adabu ya kubisha hodi. Mtu anajisikia vizuri ikiwa juu kabisa. Kuna dawa za presha ambazo ukiziacha ghafla presha inaruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kitunguu saumu kula, kizuri, ni kiungo cha mboga. Usikiweke mahali pa kidonge. Na mtu akipinda mdomo, mkono mmoja ukakosa nguvu, maneno yakawa mazito, msiseme amerushiwa kitu, wala amepigwa na upepo mbaya, mkaenda kumtafuta mtaalamu wa kuuondoa. Hicho ni kiharusi, na kila saa inayopita sehemu ya ubongo inakufa. Nimeona familia ya watu waliosoma, wenye gari ndani ya uzio, wakamaliza siku mbili kwa mganga kwanza.

Kuna la ARV ambalo nalisema kwa sauti ya chini ingawa nina kipaza sauti. Wapo wenzetu wanaoona bora wakose dozi siku tatu kuliko kusema mbele ya kaunta. Huna haja ya kutangaza. Omba kuzungumza na mkuu wa zamu pembeni, sema una dawa ambazo hazitakiwi kukatwa hata siku moja. Na wa TB vivyo hivyo. Kwa ninyi mtakaolala selo na mtu anayekohoa: TB hupita kwenye hewa, haipiti kwenye kikombe wala sahani. Kumtenga mwenzenu kwa sahani huku mmefunga kila upenyo wa dirisha ni kufanya kinyume.

Sasa PF3.

Hili nimelikuta kwa bodaboda waliopata ajali, kwa wanawake waliopigwa, kwa vijana waliotoka kwenye vurugu. Watu wanaamini huwezi kuguswa na daktari bila PF3. Kwa hiyo mtu anavuja damu, anapakiwa kwenye bajaji, anapelekwa kituoni kwanza akapange foleni ya karatasi. PF3 ni fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza majeraha, ili ije kusaidia kama ushahidi. Haijawahi kuzuia damu kutoka. Mtu aliye katika hatari anatibiwa kwanza, na fomu inafuata. Mkifika mapokezi mkaambiwa neno "PF3", mmoja abaki na mgonjwa adai atibiwe kama dharura, mwingine akimbilie kituoni kuichukua. Msiondoke wote na mgonjwa.

Na aliyebakwa, awe mwanamke, mtoto au mwanamume, aende hospitali kabla ya kuoga na akiwa na nguo zile zile. Kuoga kunaondoa ushahidi, na hakuondoi maambukizi wala mimba. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio zina mwisho wake, saa 72, na zikianza mapema ndiyo bora. Hospitali zenye vituo vya Mkono kwa Mkono zinampa mtu matibabu, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Hapa hamna hadithi ya "tukae kwanza kama familia". Kikao cha familia kikiisha saa 72 nazo zimeisha.

Kwa aliyepigwa, tabia yetu ni moja: maji ya moto na kukandwa. Bibi anakuja na kitambaa, anakamua kweli kweli, mnasema damu iliyovilia itatoka. Jeraha bichi lililovimba, siku ya kwanza, linataka kitu cha baridi na kutulizwa. Ukikamua mfupa uliovunjika unauvunja zaidi. Halafu kuna jambo lingine: daktari hajaona alama zile. Akionwa baada ya siku 4 za kukandwa, hatajua kipi kilitokana na kipigo na kipi na bibi. Kwanza daktari aone, aandike. Piga picha, ikiwezekana na tarehe yake. Kisha bibi na kitambaa chake watakuja daktari akiruhusu.

Mtu aliyepigwa sana mwili mzima, hasa mapajani na mgongoni, mwambieni aangalie mkojo wake. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi au kola, usimwache mtu amwambie ni UTI au joto la mwili. Nyama za mwili zilizopondwa zinamwaga vitu kwenye damu vinavyoziba figo. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, anaweza kuonekana anatembea vizuri kabisa na figo zinafunga. Na kichwa kilichopigwa kikawa na kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, au mboni za macho zisizolingana, msiseme "kimevimba kwa nje kwa hiyo ndani ni salama". Uvimbe wa nje hautoi hati ya ndani.

Haya. Mwili tumeusema, twende kwenye sheria, na mtaona ni maneno ya benchi lile lile.

La kwanza: "dhamana inauzwa". Dhamana ya polisi ni bure. Kinachotakiwa ni mdhamini, au wadhamini, wenye kitambulisho, na kwa kawaida barua ya serikali ya mtaa. Kile kiasi kinachoandikwa kwenye fomu ni ahadi: mtuhumiwa asiporudi, ndipo mdhamini anadaiwa. Hakihesabiwi pale mezani. Mahakama ndiyo inaweza kuweka sharti la fedha taslimu, na ikiweka, fedha hiyo inalipwa kwa utaratibu wa serikali na unapewa stakabadhi. Fedha yoyote inayopita mkononi mwa mtu kwenye korido haikwenda mahakamani.

La pili: "ukikamatwa Ijumaa umekwisha, mpaka Jumatatu". Mahakama ndiyo inafunga. Dhamana ya polisi haina wikiendi. Sheria inataka mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na isipowezekana, aachiwe kwa dhamana, isipokuwa kosa liwe zito. Niwe mkweli kwenu hapa, maana nisingependa kuwapa na mimi uongo wangu. Yapo makosa ambayo sheria imeyafungia dhamana: mauaji, uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, na baadhi ya ya dawa za kulevya. Mtu akishtakiwa kwa moja ya hayo, asiwepo wa kuwadanganya kwamba "atamtoa leo jioni". Ndipo wakili mzuri anaonekana, na ndipo vishoka wanakula fedha nyingi zaidi, kwa sababu familia imechanganyikiwa.

La tatu, na hili naomba vijana mnisikilize: "saini tu, ukifika mahakamani utakana". Hapana. Maelezo ya onyo unayotoa kituoni, yakithibitika kwamba uliyatoa kwa hiari, yanapokelewa kama ushahidi, na mtu anaweza kufungwa kwa maneno yake mwenyewe hata kama ameyakana mbele ya hakimu. Kuyakana kunaleta mabishano, shauri dogo ndani ya shauri, na mabishano hayo unaweza ukashindwa. Una haki ya kuelezwa kosa lako. Una haki ya kunyamaza kuhusu tukio, ukataja jina na anwani yako. Una haki ya kuomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa kuhojiwa una kipimo, saa 4 tangu uwe chini ya ulinzi, na unaweza kuongezwa kwa utaratibu usizidi saa 8. Lakini saa ambazo mahojiano yamesimama ili umpate wakili hazihesabiwi humo. Kwa hiyo askari akikwambia "hatuna muda wa kumsubiri wakili wako, saa zitaisha", mjibu kwa heshima kwamba saa hizo sheria imezitoa. Kabla ya saini, soma. Hujui kusoma vizuri, omba usomewe. Kuna nafasi tupu kwenye karatasi, ipigwe mstari.

Nasisitiza heshima. Ukimtukana askari, umempa kosa la pili, la kwanza huenda hakuwa nalo.

Sasa wakili. Kwanza tutenganishe majina. Mwanasheria ni mtu aliyesoma sheria. Wakili ni mwanasheria aliyepita Shule ya Sheria, akaapishwa, akaandikwa kwenye orodha ya mawakili, na anahuisha leseni yake kila mwaka. Kila wakili ni mwanasheria, lakini si kila mwanasheria ni wakili. Msaidizi wa kisheria, kama mimi, si wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inanitambua, naweza kukuelekeza, kukusaidia kuandika barua, kukupeleka mahali panapofaa. Siwezi kusimama mahakamani kukuwakilisha, wala kukutoza fedha. Nikifanya hivyo, nishitakini.

Mahakama ya Tanzania ina mfumo unaoitwa e-Wakili. Unaingia kwa simu, unatafuta jina la wakili, unaona kama yumo na kama leseni yake iko hai. Dakika mbili. Mtu akisema ni wakili, mwombe jina lake kamili na namba yake ya uwakili, kwa upole kabisa. Wakili wa kweli hakasiriki, anakutajia. Anayepandisha sauti, "unaniuliza mimi!", umeshapata jibu.

Baada ya hapo, muulize anafanya kesi gani. Yupo wakili hodari wa mirathi na viwanja ambaye hajasimamia jinai miaka kumi. Si mbaya, ila ni kama kumpeleka mwenye mguu uliovunjika kwa daktari wa macho. Muulize, mara ya mwisho uliomba dhamana mahakama gani? Kesi ikifika, utasimama mwenyewe au utamtuma mwingine? Majibu yake yatakuonyesha.

Kuna msemo nausikia hata kwa viongozi wetu: "tafuta wakili mwenye mtu pale ndani". Mimi simtaki huyo. Anayekuuzia urafiki wake na mkuu fulani anakuuzia kitu ambacho hakina risiti, na mkuu akihamishwa, kesi yako inabaki na nani? Vile vile anayekuahidi kushinda. Daktari hakuahidi kupona, anakuambia atafanya nini. Wakili naye akuambie atafanya nini leo, kesho, na wiki ijayo.

Ada iandikwe. Siyo "mtanipa tu". Iandikwe kiasi gani kwa kwenda kituoni, kiasi gani kwa maombi ya dhamana, kiasi gani kesi ikiendelea, na nauli ni juu ya nani. Mpokee risiti. Hiyo inawalinda ninyi na inamlinda yeye. Mkiona anazunguka, hapokei simu, tarehe zinapita hayupo, mnaruhusiwa kubadilisha wakili, hamjaoana naye. Na kama amekula fedha bila kufanya kazi, ipo Kamati ya Mawakili inayosikiliza malalamiko ya nidhamu. Chama cha Mawakili wa Tanganyika, TLS, kinaweza kuwaelekeza.

Asiye na fedha asikate tamaa mapema. Msaada wa kisheria kwa sheria ile ya 2017 ni bure. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wapo tangu 1995 na wanasikiliza watu. Kwa kesi za mauaji, mtuhumiwa asiye na wakili huwekewa wakili na mahakama. Na wale wanaosema "Mahakama ya Mwanzo wakili haruhusiwi" wanasema habari ya zamani. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yameruhusu mawakili pale anapokaa hakimu mkazi.

Jambo la mwisho kuhusu wakili ni gumu kidogo kulisema kwenye mkutano wa chama, ila nalisema. Mteja ni aliyeko ndani. Siyo tawi, siyo wilaya, siyo aliyechanga nyingi. Chama kinaweza kumleta wakili na kumlipa, na ni jambo jema. Lakini chama kikitaka tamko la kishujaa mbele ya waandishi, na kijana ana mke mjamzito anataka dhamana saa tisa alasiri, wakili anamsikiliza kijana. Na wakikamatwa watano pamoja, wakili mmoja anaweza kuwatosha wote mpaka siku maelezo ya mmoja yatakapomgusa mwenzake. Siku hiyo watenganishwe, kila mmoja na wa kwake. Si usaliti. Wakili mwenye maadili atawaambia yeye mwenyewe.

Mwambie wakili kweli yote, pamoja na ile inayokuaibisha. Anafungwa na siri. Grupu la WhatsApp halifungwi na chochote. Usiku ule wa mwezi uliopita, kabla vijana hawajaandika hata jina, humu kwenye grupu tulikuwa na watu 9 wanasimulia nani alisimama wapi na nani alibeba nini. Mlidhani mnawatetea. Mmoja wenu aliweka hadi picha. Ujumbe kama ule unaweza kusomwa na mtu yeyote mwenye simu ya mwanachama yeyote. Mtu akikamatwa, andikeni kituo alichopo na muda, basi. Mengine mpeni wakili.

Kwa hiyo tumekubaliana na Mwenyekiti hivi. Kila mwanachama atajaza kadi ndogo: jina, mtu wa kupigiwa, ugonjwa kama anao, dawa na saa zake. Asiyetaka kuandika ugonjwa wake aandike tu "nina dawa ya kila siku". Kadi anakaa nayo mwenyewe kwenye pochi, nakala ndani ya bahasha iliyofungwa kwa mtu wake wa nyumbani. Tawi halitatunza orodha ya magonjwa ya watu. Hilo niligoma, na Mwenyekiti akaniunga mkono. Majina matatu ya mawakili wa jinai, wote tumewahakiki kwenye e-Wakili wiki hii, yatabandikwa ofisini na tutayahakiki tena kila Januari.

Maswali nitayajibu nje, chini ya mwembe. Mwenye swali la siri anifuate nyumbani baada ya alasiri, ila asije na wasindikizaji.

---

*MATANGAZO*

1. Kadi zinapatikana ofisi ya tawi kuanzia Jumamosi saa 3 asubuhi. Ni bure. Njoo na kalamu.

2. Mabalozi wote wachukue kadi za watu wao wazee na wasioweza kufika.

3. Kuanzia leo, taarifa yoyote ya mwanachama kukamatwa itumwe moja kwa moja kwa Katibu, siyo kwenye grupu. Wasimamizi wataondoa ujumbe wowote unaosimulia tukio.

4. Michango ya dharura inapokelewa na Mweka Hazina peke yake, kwa stakabadhi ya tawi.

_Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi_